Kujieleza kwenye Mahojiano: Je, Ni Kujisifu?



Ndugu zangu wanafunzi, tunapotafuta stagi huwa tunaulizana barua iandikweje na nguo gani ivaliwe. Lipo swali jingine linalowatatiza wengi wetu. Unapoulizwa kwenye mahojiano, "Wewe unaweza nini?", je, kutaja mema yako si kujisifu? Sura an-Najm, aya ya 32, inatukataza kujitakasa nafsi zetu. Kwa hiyo wapo wanaoinamisha kichwa na kujibu, "Nitajaribu tu, inshallah," wakidhani huo ndio unyenyekevu.

Tumtazame Nabii Yusuf (a.s.). Katika Sura Yusuf, aya ya 55, alimwomba mfalme wa Misri amkabidhi hazina za nchi, akataja sifa zake mbili: ni mtunzaji, na ni mjuzi. Hakutaja uzuri wake wala nasaba yake, ijapokuwa alikuwa nabii, mwana wa nabii. Alitaja zile tu ambazo kazi ilizihitaji, kwani miaka ya njaa ilikuwa inakuja. Ibn Kathir katika tafsiri yake anaeleza kuwa mtu asiyejulikana anaruhusiwa kujieleza hivyo pakiwa na haja.

Huenda mtu akasema: Mtume (s.a.w.) alimkataza Abdurrahman bin Samura kuomba uongozi. Ni kweli. Lakini anayeomba stagi haombi kutawala watu; anaomba mahali pa kujifunza na kuhudumia. Tena anayekuhoji hakujui. Usipomwambia wewe, atajuaje?

Kwa hiyo tutenganishe mambo mawili. Kujitakasa ni kujipa daraja mbele ya Mwenyezi Mungu, jambo ambalo Yeye peke yake ndiye alijuaye. Kujieleza ni kutoa ushahidi juu ya kazi unayoiweza, na ushahidi huo unaweza kupimwa. Ushahidi nao huharibika kwa njia mbili: kuzidisha na kuficha.

Hapa Bujumbura makosa yote mawili hukutana katika mstari mmoja wa CV, ule wa lugha. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiingereza kikawa lugha rasmi mwaka 2014. Basi mtu anaandika "Kiingereza: kizuri sana", naye hawezi kujibu barua moja bila msaada. Kiswahili alichokulia nacho Buyenzi hakiandiki kabisa, eti ni lugha ya mtaani. Amedai asichonacho, akaficha alichonacho. Na ofisi inayopokea mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam huenda inamtafuta mtu wa kuzungumza na madereva na mawakala kwa Kiswahili hichohicho!

Tusidanganyane: anayeandika "Kiingereza: kidogo" anaweza kukosa nafasi, na ikachukuliwa na aliyeongeza chumvi. Hilo linauma, hasa ukijua nyumbani wanakutegemea. Lakini nafasi iliyopatikana kwa uongo imechukuliwa kutoka kwa mwenzako aliyesema kweli, na kila siku utakayokaa pale utakuwa unaulinda uongo ule usifichuke. Rizki iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu; sisi tunaulizwa njia tuliyopitia kuitafuta.

Basi ukiitwa, soma kwanza kazi inahitaji nini, kisha kila sifa uiambatanishe na tendo. Usiseme "mimi ni mwaminifu". Sema umeshika fedha za jumuiya mwaka mzima na hesabu zikasomwa mbele ya wanachama. Usilolijua, sema hulijui, na eleza umeanza kulisoma vipi.

Katika Sura al-Qasas, aya ya 26, binti aliyemshauri baba yake amwajiri Musa (a.s.) alitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Nguvu zako wataziona ukishaanza kazi. Uaminifu wanaanza kuupima katika jibu lako la kwanza.

Mwenyezi Mungu atufungulie milango ya heri. Amin.