Kazi Tatu za Eliya

Neno: 1 Wafalme 19:1-21, 2 Wafalme 8:13 na 9:1-6, Hesabu 15:38-39



Eliya alikuwa ametoka kushinda Karmeli. Moto umeshuka, mvua imenyesha. Lakini Yezebeli alipomtisha, alikimbia, akamwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaingia jangwani peke yake, akaketi chini ya mretemu akiomba afe. Na huyo ni nabii, sio mtu wa imani ndogo.

Nasema hivi kwa sababu nikitembelea washirika, Nkubu mpaka Runyenjes, nasikia mtu akiulizwa: Mbona hukuleta pesa ya chama? Kliniki ulisahau tena? Si uliahidi kuja maombi ya Ijumaa? Halafu tunasema hajali, ama amerudi nyuma. Pengine ni mgonjwa. Dipresheni, ile huzuni nzito isiyoondoka, haiibi furaha tu. Huiba pia kumbukumbu ya jambo ambalo bado hujafanya. Mtu atakueleza ya jana vizuri, lakini saa tisa ya kumeza dawa inampita. Mawazo yanazunguka kichwani, hayaachi nafasi ya kuchunga saa. Watafiti wa saikolojia wameona kwamba jambo linalotegemea saa pekee mara nyingi humponyoka kuliko lile lenye kitu cha kumkumbusha.

Sasa mtazame Mungu. Hakuanza na kumkemea. Alimpa usingizi, mkate na maji, mara mbili. Baadaye, kule Horebu, akampa kazi tatu: Hazaeli, Yehu, Elisha. Eliya akaenda kwa Elisha, akamtupia vazi lake. Na zile mbili? Soma mbele: Elisha ndiye aliyemwambia Hazaeli atakuwa mfalme, na kijana aliyetumwa na Elisha ndiye aliyemtia Yehu mafuta. Mtumishi mmoja alichoka, lakini kazi ya Bwana haikuanguka. Mwenzake aliibeba. Amina?

Tena Mungu aliwaambia Israeli wote washone vishada kwenye nguo, ili wakiviona wakumbuke. Yeye anajua tunasahau. Kwa hivyo kuweka alamu kwenye simu sio kukosa imani.

Wiki hii:

1. Funga jambo kwa jambo. "Nikimaliza chai ya asubuhi, nameza dawa." Iweke dawa kando ya chupa ya chai.

2. Kuwa Elisha. Usingoje akupigie simu. Mpitie nyumbani, mwende kliniki pamoja.

3. Huzuni ikipita wiki mbili, usingizi na hamu ya chakula vimepotea, nenda hospitali, iwe Embu ama Meru. Tunaomba, na tunatibiwa.

4. Ukiwaza kufa, mwambie mtu leo, usingoje Jumapili. Usiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya kumshtaki aliyejaribu kujiua inakiuka Katiba.

Tuombe: Baba, wanaolala chini ya mretemu wape mkate na usingizi. Nasi tufanye kuwa wenzao wa kubeba. Katika jina la Yesu, Amina.