Kisu ni halali, na vifaranga je?

Igogo, jijini Mwanza, nyumba zimepanda mlima juu ya mawe, na kuku hufugwa katika vijiua vidogo. Mtetea akishikwa na mbwa, neno la kwanza huwa: "Mwahini kwa kisu asije akawa mzoga!" Ni neno la sheria. Qur'an (5:3) imeharamisha mzoga, ikamvua aliyeliwa na mnyama kisha akadirikiwa angali hai, akachinjwa.

Lakini ana vifaranga wa siku tatu. Kisu kimehalalisha nyama, hakikufuta deni. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35. Aliyemchinja mama amejitwisha mbawa zake: boksi, maranda, taa ya chemli usiku kucha, kwa wiki kadhaa. Wakirundikana wana baridi; wakiikimbia taa, joto limezidi. (Jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa huua, na watu pia.)

Abu Daud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliamuru makinda yarudishwe kwa ndege aliyekuwa akihangaika. Yule alikuwa ndege wa porini. Sembuse huyu ambaye mayai yake tumekula?

Asiye na matumaini achinjwe upesi, ndiyo huruma. Ila majeraha mengi tunayoyakimbilia na kisu hupona. Mtenge, maana wenzake wakiona damu humdonoa papo hapo. Osha kidonda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, msogezee maji ya kunywa. Kama ni mguu tu, usiku warudishie wanawe chini yake.