Apandacho Mtu Ndicho Avunacho

"Apandacho mtu ndicho avunacho" ni methali ya Waswahili wote, lakini watu wa Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya, wana sababu ya kuiona kama yao. Mahindi ya huko hupandwa mvua za Machi au Aprili zinapoanza, na huvunwa kuanzia Oktoba. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na mbegu chotara ya H611 ikatolewa kwa wakulima mwaka 1964. Aliyepanda mbegu hafifu haoni hasara yake siku ya kupanda. Huiona shamba likishabeba. Juu juu, methali yasema malipo hufanana na tendo. Kwa undani, yasema kwamba kati ya tendo na malipo pana muda, na ndani ya muda huo mkosaji hujidanganya kuwa amesalimika.

Wakristo wa Bungoma huisikia maana hiyo katika waraka wa Paulo kwa Wagalatia, na huko mlipaji ni Mungu. Wahindu waliofungua maduka katika miji hii ya reli walikuja na fundisho la karma, ambalo nalo huzungumzia mbegu na tunda, ila kwa kawaida halimtegemei hakimu: tendo hubeba malipo yake lenyewe. Katika Upanishadi ya Brihadaranyaka, mojawapo ya maandiko yao ya kale, mwalimu Yajnavalkya anafundisha kuwa mtu huwa mwema kwa matendo mema na mwovu kwa matendo maovu. Kwa hesabu hiyo, adhabu ya kwanza ya mwizi ni kule kugeuka mwizi, hata kama hakukamatwa.

Waswahili husema pia kwamba malipo ni hapa hapa duniani. Wahindu wangekubali nusu. Walimu wao hutofautisha akiba ya matendo yaliyopita, sehemu ya akiba hiyo iliyokwisha kuiva katika maisha haya, na matendo yanayopandwa sasa. Yasiyoiva hungoja maisha mengine. Hata hivyo kisa chao kinachogusa zaidi huishia hapa hapa. Katika Ramayana, utenzi wa kale wa India, Dasharatha akiwa kijana aliwinda usiku kwa kufuata sauti. Alisikia mlio wa maji mtoni, akadhani ni tembo, akafyatua mshale. Kumbe alikuwa kijana anayewatekea maji wazazi wake vipofu. Baba wa marehemu alimlaani afe kwa uchungu wa mwana. Miaka mingi baadaye, Dasharatha akiwa mfalme, mwanawe Rama alipelekwa uhamishoni msituni, naye mfalme akafa kwa majonzi.

Kisa hicho chazua swali gumu: je, asiyekusudia hulipa? Buddha alijibu kwamba karma ni nia. Mkono uliokosea bila kudhamiria si sawa na mkono wa muuaji. Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India, ambao nchini Kenya wengi wao ni wa jamii ya Oshwal, ni wakali zaidi. Kwao karma ni kitu halisi, chembe laini mno zinazogandamana na roho, na uzembe peke yake unatosha kuzivuta. Ndiyo maana watawa wao hufagia njia wasije wakakanyaga mdudu.

Methali hii huharibiwa inaposomwa kinyumenyume. Aliyepanda ubaya atavuna ubaya. Haifuati kwamba kila aliyevuna msiba alipanda ubaya. Nchini India fundisho la karma limetumiwa kuwaambia watu wa tabaka la chini kuwa wanastahili unyonge wao, na katika vijiji vyetu mgonjwa au tasa husengenywa vivyo hivyo. Buddha mwenyewe alipoulizwa na mtu aitwaye Sivaka kama kila maumivu hutoka katika matendo ya zamani, alikataa, akataja magonjwa ya mwili, mabadiliko ya majira na kushambuliwa. Methali ni onyo kwa anayetaka kutenda, si hukumu juu ya anayeteseka. Viwavijeshi vamizi vilipoingia magharibi mwa Kenya mwaka 2017, vilikula mahindi ya mwadilifu na ya mlaghai bila kubagua.