Nusu Shari na Shari Kamili

Wazee wetu wametuachia neno kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili. Ni neno la busara, na watu wengi wamepona kwa kulifuata. Mwenye nyumba inayoungua huliacha jiko liteketee apate kuwatoa watoto chumbani, wala hakuna mtu amlaumuye. Lakini siku hizi neno hili limetoka majumbani likaingia katika shughuli kubwa za dunia, na huko nusu ya shari haipimwi na yule atakayeipata, bali na yule anayeiuza. Hapo yafaa tusimame kidogo tuulize: Hiyo nusu, je, ni nusu kweli? Na nusu nyingine imekwenda kwa nani?

Tuchukue jambo moja tu, nalo ni kitu kinachotiwa katika matangi ya meli ziendazo mbali.

Mwezi wa Novemba mwaka 2020, meli ya Kifaransa iitwayo CMA CGM Jacques Saadé, yenye urefu wa mita 400 na nafasi ya makontena 23,000 ya futi 20, ilifunga gati katika bandari ya Rotterdam, Uholanzi. Meli nyingine ndogo ikaja ubavuni pake, ikaijaza kiasi cha mita za ujazo 17,300 za gesi asilia iliyogeuzwa kuwa kimiminika. Hayakuwa yale mafuta meusi mazito ambayo meli kubwa zimeyachoma kwa miaka mingi. Gesi hiyo ndiyo ileile itokayo ardhini na chini ya bahari. Hupozwa hata ifike nyuzi 162 chini ya sifuri, na hapo hunywea hata kile kilichokuwa kimejaza nyumba 600 kikaenea katika nyumba moja. Ndiyo maana yaweza kuchukuliwa katika matangi.

Jambo hili halikuanza siku ile. Wanorwe walikuwa na kivuko kimoja cha namna hii tangu mwaka 2000, na mwaka 2013 meli ya abiria Viking Grace ilianza safari kati ya Turku na Stockholm kwa gesi hiyo. Lakini tangu wakati huo mambo yamekwenda mbio. Mwisho wa mwaka 2024 meli zenye injini za gesi zilikuwa zimepita 600, mbali na zile ziibebazo kama bidhaa. Mwaka huohuo Rotterdam peke yake ilizijazia meli zaidi ya mita za ujazo 900,000. Singapore, bandari inayouza mafuta ya meli kupita zote duniani, iliuza tani karibu 464,000 za gesi, mara nne ya mwaka uliotangulia. Kweli hicho ni kidogo bado, kwa kuwa mafuta yote yaliyouzwa Singapore mwaka huo yalizidi tani milioni 50. Lakini mti hutazamwa ungali mche.

Asili yake ni sheria. Tangu tarehe 1 Januari 2020 Shirika la Bahari la Kimataifa, lililo London, limeagiza salfa katika mafuta ya meli isizidi asilimia 0.5, ambapo zamani iliruhusiwa hata asilimia 3.5. Katika Bahari ya Baltiki na Bahari ya Kaskazini amri ni kali zaidi: asilimia 0.1, tangu mwaka 2015. Wenye meli wengine walitafuta mafuta yaliyosafishwa. Wengine waliweka mitambo ya kuosha moshi katika dohani, na yale maji machafu ya kuoshea wakayamwaga baharini. Hao tuwaache, maana hila yao yaonekana kwa macho. Wengine ndio waliochagua gesi.

Wala tusiwadharau. Gesi ikichomwa haitoi salfa, na masizi yake ni karibu na hakuna. Hewa ya ukaa itokayo katika dohani ni pungufu kwa sehemu ya tano au hata robo. Yule aishiye karibu na gati, ambaye kwa miaka amekuwa akifuta weusi dirishani na kumsikiliza mtoto wake akikohoa usiku, amepata faida ya kweli. Mtu asemaye kwamba faida hiyo si kitu, yeye hakai karibu na gati.

Lakini kuna hesabu ya pili. Gesi hii karibu yote ni methani. Methani ikichomwa huwa hewa ya ukaa. Isipochomwa, ikaponyoka nzima hadi angani, huitia dunia joto, uzito kwa uzito, zaidi ya mara 80 kuliko hewa ya ukaa, tukihesabu kwa miaka 20. Na katika injini nyingi za meli, sehemu fulani ya gesi hupita kati ya moto bila kuungua, ikatoka dohani kama ilivyoingia. Haina rangi. Haina masizi. Mtu aliyesimama gatini haioni wala hainusi.

Ni sehemu kubwa kiasi gani? Kwa zile injini ndogo za mgandamizo hafifu, zitumikazo sana katika vivuko na meli za abiria, kanuni za Ulaya zilikadiria asilimia 3.1. Mwaka 2024 watafiti walitoa matokeo ya vipimo vya moshi wa meli zenyewe zikiwa baharini, kwa helikopta na kwa vyombo virukavyo bila rubani, wakakuta wastani wa asilimia 6.4. Msomaji achukue kalamu. Katika tani moja ya gesi, asilimia 6.4 ni kilo 64. Zidisha kwa 80, utapata mfano wa tani 5 za hewa ya ukaa na zaidi. Tani ile nzima ikichomwa yote vizuri huzaa tani 2.75 tu. Yaani kile kidogo kilichoponyoka, kwa hesabu ya miaka 20, kina madhara makubwa kuliko kile kingi kilichochomwa. Hapo nusu shari imekuwa shari moja na nusu.

Sasa lije swali lenyewe la maadili. Je, ni halali kumpunguzia madhara jirani aliye karibu kwa njia inayomwongezea madhara jirani aliye mbali?

Waalimu wa maadili tangu zamani wamefundisha kwamba tendo moja laweza kuwa na matokeo mawili, jema na baya, na kwamba mtu hahukumiwi kwa kila baya lifuatalo tendo lake jema. Daktari akatae mguu uliooza. Kilema ni kibaya, lakini si kilema alichokitafuta. Fundisho hili ni la kweli, ila wako wasomao nusu yake ya kwanza tu. Nusu ya pili yadai kwamba lile baya lisiwe kubwa kuliko lile jema, na kwamba mtendaji afanye kila awezalo kulipunguza. Daktari akataye mguu bila kufunga mishipa ya damu hawezi kujitetea kwa kusema nia yake ilikuwa njema.

Na hapo ndipo lawama ilipo, kwa maoni yetu. Haipo katika kuchagua gesi, ipo katika kukataa kufunga mishipa. Kwa maana injini si za namna moja. Ziko kubwa za mgandamizo mkali ambazo huponyosha kiasi cha asilimia 0.2 tu, kwa hizo, lile jema lililoahidiwa melini hubaki karibu zima. Nazo ni za gharama zaidi, tena moshi wake huhitaji kusafishwa kwa njia nyingine. Mwenye meli asimamapo kiwandani kuagiza chombo chake anajua, au aweza kujua, ni injini ipi ivujayo. Akichagua ivujayo sana kwa kuwa ni rahisi, kisha akapaka ubavuni mwa meli maneno ya kusifu usafi wake, huyo hakuchagua nusu shari. Amechagua bei, na shari amewaachia wengine.

Twasema wengine kwa makusudi. Mchuma janga hula na wa kwao, na katika kijiji ndivyo ilivyo. Lakini janga hili halina adabu hiyo. Joto litokalo katika dohani ya meli inayoikata Baltiki halikai Baltiki. Laenea juu ya mtama wa Dodoma na juu ya matumbawe ya Mafia, kwa watu ambao hawakuulizwa na ambao hawatapanda meli ile maisha yao yote.

Tukiuliza ni nani aliyeizaa haja hii ya gesi bandarini, twapata jibu la kuchekesha. Mwenye meli asema, "Nimenunua injini ya gesi kwa kuwa bandari zimeweka matangi." Bandari yasema, "Tumeweka matangi kwa kuwa meli zaja." Serikali zasema zimefuata soko, na Umoja wa Ulaya, uliozitaka bandari zake kubwa tangu mwaka 2014 ziwe na mahali pa kujazia gesi, wasema ulitaka kusafisha hewa. Mwenye shehena asema yeye hutazama nauli. Mwisho amefikiwa mama anayenunua beseni dukani, naye hana habari. Watu hulitaja neno hili "mahitaji" kama watajavyo mvua, kana kwamba limeshuka tu kutoka juu. Siyo mvua. Ni maazimio ya watu, yamegawanywa vipande vidogovidogo hata kila mmoja asione kipande chake. Lakini wajibu haugawanyiki kama gunia la mahindi, hata kila mtu akabakiwa na punje moja. Kila mtu anao kwa kadiri ya ujuzi wake na uwezo wake. Mama wa beseni anao kidogo mno. Yule aliyetia sahihi ya meli itakayoelea miaka 25 anao mwingi.

Miaka 25 si neno la kupita. Wanaoitetea gesi huiita daraja: itatuvusha, wasema, mpaka mafuta safi kabisa yapatikane, na matangi hayahaya yatapokea gesi itengenezwayo kwa samadi na mabaki ya mimea. Laweza kuwa kweli, na Rotterdam imekwisha kuanza kuuza kidogo ya namna hiyo. Lakini mwaka 2023 mataifa yalikubaliana London kwamba meli ziache kuongeza joto la dunia ifikapo mwaka 2050 au karibu na hapo. Meli inayoanza safari leo itakuwa ikingali majini siku hiyo. Na mwezi wa Oktoba 2025, mataifa hayohayo yalipokutana kupitisha sheria ya kuzitoza meli, kura 57 dhidi ya 49 ziliahirisha jambo kwa mwaka mmoja. Mjenzi wa daraja aanzaye kumwaga zege kabla watu hawajapatana ng'ambo iko wapi, asitutake tumwamini upesi.

Sisi nasi tuna neno la kujibu, maana katika biashara hii tu wauzaji watarajiwa. Gesi iliyogunduliwa nchini mwetu, iliyo nyingi zaidi chini ya bahari mbele ya Lindi na Mtwara, yakadiriwa kuwa futi za ujazo trilioni 57. Kiwanda cha kuigeuza kimiminika kimezungumzwa kwa zaidi ya miaka kumi. Makubaliano ya mwanzo yalitiwa sahihi mwaka 2022, na kiwanda hakijajengwa. Ng'ambo ya Ruvuma jirani zetu wametangulia: shehena ya kwanza ya gesi ya Cabo Delgado iliondoka Novemba 2022, kabla ya kutimia miaka miwili baada ya watu wa Palma kukimbia nyumba zao kwa sababu ya mashambulio ya Machi 2021. Mwaka 2021 pia Benki ya Dunia ilizishauri nchi zisitoe msaada mpya wa sera kwa gesi kama mafuta ya meli, ikisema nafasi yake itakuwa ndogo.

Ushauri huo wachoma. Mataifa yaliyochoma mafuta miaka 100 yakajenga bandari zao, leo yatufundisha kujizuia? Uchungu huu ni wa haki, wala hatuufichi. Mtu maskini aliyekuta mali shambani mwake haambiwi na tajiri aizike. Twaona ni halali kuuza. Lakini uchungu wa haki si hoja ya kutosha. Madhara hayaulizi nani alianza, na wa kwanza kuyapata ni mkulima wetu asiye na bomba wala akiba. Tena iko dhihaka moja ambayo wakuu wetu wangeifikiri: gesi ya Lindi yatamaniwa ili dohani za mbali zisitoe moshi, na huku kaya zilizo nyingi nchini bado zapika kwa kuni na mkaa, na akina mama wavuta moshi ambao hakuna shirika la London lililoutungia sheria. Serikali imeweka shabaha ya mwaka 2034, asilimia 80 ya watu wapike kwa nishati safi. Gesi ya Songo Songo imekuwa ikiwasha mitambo ya umeme ya Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Njia basi yajulikana.

Tangu mwezi wa Januari 2026 methani inayotoka katika dohani za meli ziingiazo bandari za Ulaya yatozwa, pamoja na hewa ya ukaa iliyoanza kutozwa mwaka 2024. Kwa miaka miwili, basi, ile sehemu yenye madhara zaidi ilipita bila tozo hiyo. Sasa yatozwa, lakini meli bado zaweza kutumia makadirio ya kanuni mahali pa vipimo vya injini zao wenyewe, na tumekwisha kuona makadirio yalivyoachana na vipimo. Watu wetu watakapoketi tena na makampuni juu ya mkataba wa Lindi, wawaulize mambo mawili mapema, kabla ya kufika kwenye mgawanyo wa fedha: ni gesi kiasi gani itakayobaki kwa majiko na mitambo ya hapa, na ni nani atakayepima kinachovuja, kisimani, kiwandani, na katika meli itakayoichoma.