Lita Sabini na Mbili

Swali hili lilianzia kwenye meza. Sebuleni kwetu Mombasa palikuwa na meza iliyobaki bila kazi, na juu yake nafasi ya sentimita 60 kwa 30. Fundi wa vioo aliponiuliza nataka tangi la ukubwa gani, nilimjibu, "La kuenea hapa." Kwenda juu tukakubaliana sentimita 40. Hizo ni lita 72, kabla hujatia mchanga na mawe. Sikujua kwamba kwa jibu hilo nilikuwa nimekwisha kumkatia hukumu kiumbe ambaye sijapata hata kumwona.

Aliletwa na kijana wa jirani, mzamiaji wa samaki wa mapambo, kazi iliyowalisha watu wa pwani ya Kenya kwa miaka mingi. Alikuwa kangaja mchanga, urefu wa kidole: mwili samawati, uso mweusi, pezi la mgongoni la manjano kama ndimu mbivu. "Ataenea tu, mzee," alisema kijana. Na kweli alienea. Wajukuu walipiga makofi.

Nilikuwa nimefanya yaliyoandikwa vitabuni. Nilikaa majuma sita na maji matupu, nikingoja vile vijidudu vinavyogeuza uchafu wa samaki usiwe sumu. Lakini maji machache hayana subira. Chukua chumvi peke yake. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Joto letu likinywa lita 3 katika lita 72, maji huondoka na chumvi hubaki, nayo hupanda ikapita gramu 36. Katika tangi la lita 540, lita 3 hizo hizo haziwezi hata kuitikisa. Ndiyo maana wazoefu humwambia mgeni jambo linaloonekana la kinyume: kama hujui kazi, anza na tangi kubwa. Kosa dogo kwenye maji mengi husameheka.

Hilo ni la maji. La samaki ni jingine. Wako wanaohesabu sentimita za samaki kwa lita, kana kwamba samaki ni kamba. Samaki akirefuka maradufu, uzito wake huwa kama mara nane, na uchafu wake pia hauongezeki kwa hesabu ya rula. Kisha kuna tabia. Yuko samaki mdogo wa rangi ya machungwa, mwenye mstari mweupe mgongoni, akaaye katikati ya mikono ya anemoni. Huyo hata baharini, palipo na nafasi yote ya Mungu, haendi mbali na mlango wake. Kangaja si hivyo. Hutembea mwambani kutwa akila mimea, hukua akapita sentimita 20, na wafugaji huanza kumfikiria kwenye lita 450 kwenda juu.

Wangu alikwenda kutoka kioo hadi kioo, akageuka, akarudi. Juma la tatu akatoka vidoadoa vyeupe, ugonjwa upendao kangaja aliyesongwa.

Naomba msomaji anisamehe nikikawia kwenye neno moja. "Kuenea" ni neno la mizigo. Sanduku huenea kwenye gari. Nilipolitumia kwa kiumbe hai nilikuwa nimepima meza yangu, macho yangu na furaha ya wajukuu. Yeye nilimwachia kinachobaki. Wala haitoshi kusema kwamba hakulalamika. Samaki hana sauti ya kulalamikia, na asiye na sauti ndiye tunayempimia kwa haraka zaidi.

Kijana alisema tumrudishe baharini. Nilitamani. Lakini alikuwa amekwisha kuoga maji mamoja na samaki wa dukani, na maradhi ya tangi hayafai kupelekwa mwambani. Ningelipa deni langu kwa mali ya wengine. Tulimtibu kwenye ndoo kubwa ya pembeni, na alipopona nikampa mtu mwenye tangi la mita moja na nusu. Sikuona fahari yoyote. Nilimtoa katika jela ndogo nikamtia katika kubwa, na kama kubwa hiyo ni nyumba sijui nani wa kuniambia.

Jioni aliyoondoka nilikuwa nikimweleza mke wangu mambo haya, na yule dada anayetusaidia kazi za nyumbani alikuwa akitandika meza. Alishangaa kwa moyo mweupe kabisa. "Lakini babu, mbona alikuwa anatosha? Si alikuwa anageuka?"

Dada huyo hulala kwenye stoo iliyo nyuma ya jiko. Miaka minne sasa. Kitanda tulikinunua baada ya kupima mlango.

Asubuhi, alipokwenda sokoni, nilichukua futi ile ile ya tangi nikapima: mita 2 kwa moja na nusu, na kona moja ni ya magunia. Chumba cha vijana wetu waliokwisha kuoa kiko wazi, kina madirisha mawili. Nilimwambia mke wangu tumhamishie huko. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na wageni wa Idi watalala wapi?"