Shati Ni Rangi Gani?

Asubuhi moja ya Jumatatu nilimdanganya binamu yangu. Alikuwa anaenda intavyuu, mimi nilikuwa nimechelewa kazini. Akauliza, "Hii shati ni ile ya samawati?" Bila kuangalia nikasema, "Ndio, twende." Kumbe lilikuwa lile la zambarau lenye maua makubwa. Aligundua jioni, jirani alipomtania kwenye ngazi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Siku nyingine sema hujaangalia."

Binamu yangu haoni tangu utotoni. Nilikuwa nadhani rangi haimhusu, kwamba ni mambo yetu sisi tunaoona. Lakini nguo huanza kuongea na watu kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Kama nguo zangu zinaongea, si nina haki ya kujua zinasema nini?

Basi tukaamua kujaribu lebo. Tulichukua fulana za mtumba na kuzitia alama za aina nne: Breli iliyochapwa kwenye plastiki ya kunata, nukta za rangi ya kitambaa inayovimba ikikauka, vifungo vya maumbo tofauti, na mafundo ya uzi. Kila fulana ingefuliwa mara kumi, na si kwa mashine. Ingefuliwa kama mama fua anavyofua: sabuni ya unga, kusugua ngumi kwa ngumi, kukamua, kuanika juani, kisha pasi.

Zile za kunata zilikuwa zinaelea kwenye beseni mara ya pili tu. Nukta za rangi zilistahimili maji lakini zikalala chini ya pasi. Vifungo na mafundo vilifika mwisho. Fundo moja nyeusi, mawili nyeupe, matatu samawati. Sindano na uzi, basi.

Mwanzoni nilikuwa najifunga leso machoni, napapasa, kisha natangaza, "Hii inasomeka!" Binamu akacheka. "Wewe unajaribu giza. Mimi najaribu lebo." Ni yeye aliyesema alama ya shingoni inawasha. Aliitaka ndani ya pindo la chini, mahali anapoweza kuigusa akiwa ndani ya matatu na mtu asijue. Mimi singewahi kufikiria hilo. Hata Louis Braille alianza na mfumo wa nukta kumi na mbili wa Charles Barbier, mtu aliyekuwa anaona. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, Braille alikuwa ameupunguza hadi nukta sita, ili herufi nzima ienee chini ya ncha ya kidole kimoja. Kidole chake ndicho kilichojua.

Sasa, shida kubwa haikuwa beseni. Ilikuwa shangazi, mama yake. Alipoona mafundo aliumia kweli. "Kwani sisi tumeenda wapi? Mtoto wangu aulize uzi na mimi niko hapa?"

Hilo swali si la kupuuza. Tumelelewa tukijua mtu ni watu, na kuulizana ni sehemu ya kupendana. Kuna programu kama Be My Eyes, iliyoanzia Denmark mwaka 2015, ambapo mtu wa kujitolea hukutazamia kitu kupitia kamera ya simu yako. Ni msaada mzuri, ukiwa na bando na chaji. Lakini shangazi angeuliza vilevile: mgeni wa nini, na familia ipo? Je, kutafuta kujitegemea si njia ya adabu ya kuwaambia watu wako hawahitajiki?

Nililifikiria sana, hadi nikakumbuka lile shati la maua. Kwa nini hakunigombeza? Nilikuwa nimejiambia ni mpole. Ukweli ni kwamba Jumanne angenihitaji tena. Mtu anayekutegemea kila asubuhi hawezi kumudu kukukasirikia. Anameza. Na sisi tunaomsaidia tunauita ukimya wake shukrani.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, na ya kutumia Breli. Zamani nilisoma hayo kama vitu viwili tofauti. Siku hizi naona ni kitu kimoja. Heshima ni kuweza kusema "hapana, umekosea" bila kuhesabu itakugharimu nini.

Mafundo hayajaondoa familia. Hayasemi kama shati lina doa, wala kama kola imechakaa. Kwa hayo bado ananiita. Juzi niliangalia juu juu nikamwambia, "Iko sawa." Akanifokea, "Umeangalia ama unaniharakisha?" Nilirudi nikaangalia vizuri. Kulikuwa na doa la chai karibu na mfuko.

Shangazi alicheka jikoni. Mimi nilifurahi kufokewa.