Kompyuta haitoi ushahidi

Muuguzi wa zahanati kati ya Kilosa na Mikumi hufunga mwezi kwa kuhesabu vijiti alivyochora kwenye madaftari ya MTUHA: malaria wangapi, kuhara wangapi, waliojifungua wangapi. Zamani wilayani jumla hizo zilihesabiwa tena kwa mkono. Tangu mwaka 2013 mfumo wa DHIS2, uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, unatumika nchi nzima. Takwimu zikishaingizwa, kompyuta yenyewe hujumlisha, hutoa asilimia na kuchora grafu.

Je, ni jambo jema? Bila shaka. Kung'ang'ania kalamu ilhali wagonjwa wanasubiri si uchamungu, ni kuwapotezea muda.

Lakini tusichanganye hesabu na ushahidi. Kompyuta haikumuona mgonjwa hata mmoja. Kisanduku kikiachwa wazi, maana yake nini: hakuna aliyeugua, au hakuna aliyeandika? Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Mtu akijaza sifuri ili ripoti ionekane kamili, mashine haitamsuta. Itaipamba sifuri hiyo kwa rangi, mtafiti ataijengea hoja, na dawa zitapelekwa kwingine.

Basi muda uliookolewa urudishwe kwenye daftari na kwa mgonjwa, si kwenye usingizi. Kazi ya kujumlisha tunaweza kuikabidhi kwa mashine. Amana ya kusema kweli haikabidhiki. Siku ya Hesabu, atakayeulizwa si kompyuta, ni aliyeshika kalamu.